Kifungu cha mtandao cha AGPL kwenye seva za video: mtazamaji anaigusa programu yako wapi?

#1 fundi_mkondo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo.

Kuna swali linarudi humu kila baada ya muda mfupi: "Nataka kufungua jukwaa la video, programu niliyoipenda ina leseni ya AGPL, je, nitalazimika kumwaga kila kitu hadharani?" Na kila likirudi linajibiwa kwa mkato. Mmoja atasema achana nayo, itakuletea kesi. Mwingine atasema weka tu, nani atajua. Majibu yote mawili yananiuma. La kwanza linawanyima watu programu nzuri, la pili linawadhulumu walioiandika. Naomba leo tuliongee kwa kirefu, na tubaki upande wa utiririshaji, maana video na sauti zina mambo yake ambayo tovuti ya kawaida haina.

Kwanza, kwa nini kifungu cha mtandao cha AGPL, leseni huria ya familia ya GPL, kipo. GPL tuliyoizoea, leseni ya programu huria inayotaka msimbo chanzo (maandishi yenyewe ya programu) utolewe, inakubana pale unapompa mtu mwingine nakala ya programu. Usipompa nakala, haikudai. GPL toleo la 3, iliyotoka Juni 2007, imelisema hili waziwazi: mtu akiitumia programu kwa njia ya mtandao bila nakala kumfikia, wewe hujaisambaza. Enzi za programu kuuzwa kwenye diski hilo halikuwa na shida. Lakini seva ya video haimfikii mtazamaji hata siku moja, kinachomfikia ni picha na sauti. Kwa hiyo mtu angeweza kuchukua kazi ya wenzake, akaiboresha, akafungua huduma kubwa juu yake, na walioiandika wasione hata mstari mmoja wa maboresho yale. Kampuni ya Affero, kwa kushirikiana na Free Software Foundation (taasisi iliyoandika GPL), ilitoa leseni ya kwanza ya kuziba pengo hilo mwaka 2002. Novemba 2007 ikaja AGPL toleo la 3, ambayo ndiyo tunayoishi nayo.

Kifungu chenyewe ni cha 13. Kwa maneno yangu kinasema hivi: ukiirekebisha programu, toleo lako lazima liwape watumiaji wote wanaowasiliana nalo kwa mbali kupitia mtandao nafasi ya kupata msimbo chanzo wa toleo hilo, nafasi inayoonekana wazi, bila malipo, kutoka kwenye seva ya mtandao.

Shikeni sehemu tatu humo. "Ukiirekebisha": hujagusa kitu, kifungu hiki hakikudai chochote. "Wanaowasiliana nalo": mtu mwenyewe anaongea na programu. "Toleo hilo": lako linalozunguka sasa hivi kwenye seva, siyo la mradi mama.

Hiyo ya katikati ndiyo inayotesa watu wa video, na ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Chukua karatasi, chora njia ya matangazo mubashara kutoka kwenye kamera hadi kwenye jicho. Mtangazaji anasukuma mtiririko kwa OBS (programu ya kurushia matangazo) kupitia RTMP (itifaki ya kutuma video) hadi kwenye seva ya mapokezi. Nyuma ya hiyo seva kuna ffmpeg, programu ya kubadilisha video na sauti, inayotengeneza ubora wa 1080p, 720p na 480p. Kisha kuna kitu kinachokata video vipande vya sekunde chache na kuandika orodha ya vipande hivyo, faili ya .m3u8. Vipande vinakaa kwenye diski, nginx (programu ya seva ya wavuti) au CDN (mtandao wa seva za kugawa faili) inavigawa. Pembeni kuna ukurasa wenyewe: kuingia kwa akaunti, kutafuta, maoni, gumzo. Na mwisho kuna pleya inayoendeshwa ndani ya brauza ya mtazamaji.

Sasa kwenye kila kituo jiulize: hapa nani anaongea na programu, na programu inamjibu? Kwenye ukurasa jibu ni rahisi, mtazamaji anabonyeza na programu inajibu. Ukiwa umerekebisha sehemu hiyo, unadaiwa. Kwenye mapokezi ya RTMP mtazamaji hayupo, lakini mtangazaji yupo. Naye ni mtumiaji aliye mbali. Watu humsahau kabisa, wanaweka kiungo cha msimbo kwenye ukurasa wa watazamaji na dashibodi ya watangazaji inabaki tupu. Kwenye ffmpeg iliyo nyuma hakuna anayeongea nayo isipokuwa programu yako mwenyewe. Na pleya ni habari nyingine kabisa: JavaScript ile imeshuka hadi kwenye mashine ya mtazamaji, hiyo ni nakala. Ikiwa pleya yako iko chini ya GPL ya kawaida, tayari umeisambaza na unadaiwa chanzo hata bila AGPL kutajwa.

Nimelipa ada ya somo hili. Niliwahi kuendesha jukwaa la video lenye leseni ya AGPL, nikaongeza kitufe cha kumfanya mtazamaji arudi sekunde 10 nyuma kwenye matangazo mubashara, na nikabadilisha jinsi orodha ya vipande inavyoandikwa ili kitufe kifanye kazi. Mtazamaji mmoja akaniandikia kwa adabu kabisa akiomba msimbo. Nikamtumia kiungo cha mradi mama. Siku ya pili akajibu: "Asante, lakini kitufe cha kurudi nyuma hakimo humu." Alikuwa sahihi. Marekebisho yangu yalikuwa kwenye seva tu, nimeyaandika moja kwa moja juu ya faili zinazoendeshwa, mengine bila hata kukumbuka lini. Ilibidi nishushe toleo la asili na kulinganisha faili moja moja kwa amri ya diff mpaka usiku. Yule mtu alisubiri, nikampa, akanirudishia pachi (kipande cha marekebisho) iliyoondoa kasoro ambayo sikuwa nimeiona: kwenye simu kitufe kilikuwa kinaruka sekunde 10 kutoka mwanzo wa kipande badala ya kutoka pale mtazamaji alipo.

Naomba michango. Wenye uzoefu tofauti waje.

---

#2 dada_wa_seva

Asante mkuu, naweka kambi hapa. Swali la moja kwa moja: mimi natumia PeerTube, jukwaa la video la AGPL, kwa ajili ya mafunzo ya kikundi chetu. Sijabadilisha msimbo. Nimebadilisha rangi, nembo na jina kupitia ukurasa wa msimamizi, na nimesakinisha plagini mbili. Nadaiwa?

---

#3 fundi_mkondo

Dada, rangi, nembo na jina kupitia mipangilio ambayo programu yenyewe imekupa, hapo hujarekebisha programu, umeitumia. Ungeingia kwenye faili za msimbo ukabadilisha nembo humo kwa mkono, hapo tungeongea lugha nyingine.

Plagini za wengine ulizosakinisha kama zilivyo zina leseni zake, zisome. Nyingi chanzo chake kiko wazi tayari. Ila siku ukiandika plagini yako mwenyewe, jua kwamba plagini za PeerTube zinapakiwa ndani ya programu ileile, zinashiriki kumbukumbu moja, zinaitana kwa kazi za ndani. Mimi kitu cha namna hiyo nakihesabu kuwa sehemu ya toleo langu na nakitoa pamoja nalo. Sijawahi kujuta.

---

#4 Mzee_Leseni

Vijana wangu, uzi mzuri. Nina la kuongeza na nina la kupinga.

La kuongeza: watu wanaisema "programu ya video ya chanzo huria" kana kwamba ni kitu kimoja. Angalieni leseni kabla ya kuogopa. PeerTube ya Framasoft kule Ufaransa ni AGPL 3. Funkwhale na Ampache za muziki ni AGPL 3. Immich, ya picha na video za familia, ilikuwa MIT (leseni isiyodai chanzo) ikahamia AGPL 3 mwaka 2024. Lakini Jellyfin ni GPL toleo la 2, Navidrome ni GPL 3, Owncast ni MIT. Kodi ni GPL. Kifungu cha 13 hakiwahusu hao wa mwisho hata kidogo. Anayeirekebisha Jellyfin na kuwafungulia watu huduma juu yake hadaiwi msimbo wa upande wa seva, ingawa ule wa ukurasa unaoshuka kwenye brauza anadaiwa, kama fundi alivyoeleza.

La kupinga: fundi, umesema nginx na CDN zinagawa vipande kama vile hapo ndipo pa kupumulia. Si kila mara. Inategemea kipande kimezaliwa lini.

Kuna mitambo inayokata video mapema, inaandika vipande kwenye diski, basi. Pleya inaposhuka kutoka 1080p kwenda 480p kwa sababu mtandao umelegea, uamuzi huo umefanyika ndani ya brauza kwa kusoma orodha. Seva haijaamua chochote, imetoa faili iliyoombwa. Hapo nakubali na wewe: kilichomfikia mtazamaji ni zao la programu, na leseni yenyewe kwenye kifungu cha 2 inasema zao la programu haliingii chini ya leseni isipokuwa maudhui yake yenyewe ni kazi inayolindwa na leseni hiyo. Video ya harusi haigeuki AGPL kwa kupita kwenye programu ya AGPL.

Lakini kuna mitambo inayokata palepale mtazamaji anapoomba. Ombi linafika, programu inaangalia huyu ni nani, yuko kwenye kifaa gani, inaandika orodha ya kwake peke yake, inaweka tangazo la biashara katikati, inakata kipande na kukitoa. Hapo mtazamaji anaongea na programu hiyo kwa kila ombi. Ukiweka nginx mbele yake hujabadilisha kitu, nginx ni bomba tu. Nimeona watu wakidhani kwamba kwa kuwa anwani inayoonekana ni ya CDN, basi programu iliyo nyuma imejificha nyuma ya pazia. Leseni haiulizi anwani ni ya nani.

---

#5 fundi_mkondo

Shikamoo mzee. Nakubali pingamizi lako lote. Nilikuwa nawaza mtambo wangu, ambao unakata mapema, nikasahau kwamba wengi sasa wanakata kwa ombi. Kwa hiyo kwenye ile karatasi ongezeni alama: kituo hiki kinamjibu mtu mmoja mmoja au kinaandika faili ya wote?

Bado kuna kona moja naomba maoni yako. PeerTube tangu toleo la 5.2 la mwaka 2023 inaruhusu kazi ya kubadilisha kodeki (namna video inavyosimbwa) ifanywe na mashine za mbali, vile vibarua vinavyochukua kazi kutoka kwenye seva kuu, vinaifanya, vinarudisha faili. Mtu akirekebisha kibarua peke yake, ukurasa ukabaki wa asili, unasemaje?

---

#6 Mzee_Leseni

Marahaba. Ukilisoma neno kwa neno, kibarua kile ni programu inayojiendesha peke yake, inaongea na seva kuu kwa HTTP, mtazamaji haigusi. Kwa hiyo kifungu cha 13 hakimfikii mtazamaji kupitia kibarua. Hiyo ndiyo tafsiri yangu, na mwanasheria mwingine anaweza kuipinga kwa hoja kwamba kibarua kimetolewa pamoja na mradi mzima na hakina maana bila seva kuu.

Ushauri wangu wa vitendo ni tofauti na tafsiri yangu. Kitoe. Umebadilisha vigezo vya x264 (kisimbaji cha video) na foleni ya kazi, siri iko wapi hapo? Kujenga ukuta wa kisheria kuzunguka mistari michache kunakugharimu zaidi ya kuiweka kwenye ripo (hazina ya msimbo).

---

#7 redio_ya_usiku

Mimi niko upande wa sauti, natumia AzuraCast, programu ya kuendesha vituo, kwa redio ya mtandaoni. Nimebadilisha msimbo wake kidogo: msikilizaji akiomba wimbo, ombi lisirudiwe ndani ya saa moja kwa msanii yuleyule. Wasikilizaji wangu wengi hata hawafungui ukurasa. Wana anwani ya mtiririko tu kwenye redio zao za mtandaoni, wanabonyeza inaimba. Hao nitawaonyesha wapi kiungo cha msimbo? Kwenye jina la wimbo?

---

#8 fundi_mkondo

Swali zuri sana hili, ndugu, na lina jibu ukilichora.

AzuraCast ni AGPL, lakini yenyewe haimwimbii msikilizaji. Inaongoza Liquidsoap inayopanga na kuchanganya sauti, na Icecast inayowagawia wasikilizaji. Hizo mbili ni programu tofauti zenye leseni zake za familia ya GPL, zinaendeshwa kama michakato tofauti. Mwenye redio yake ya mezani anaongea na Icecast. AzuraCast hajaigusa. Icecast hujairekebisha, na hata ungeirekebisha, GPL yake haina kifungu cha mtandao.

Anayefungua ukurasa wako akabonyeza "omba wimbo", huyo ameigusa AzuraCast, na ameigusa hasa pale ulipobadilisha. Kiungo kiwe hapo, chini ya fomu ya maombi. Na kiwe pia kwenye ukurasa wa watangazaji wako wanaoingia kuweka orodha za nyimbo.

Kwenye jina la wimbo usiweke kitu. Leseni inataka nafasi inayoonekana wazi, na maandishi yanayopita kwenye kioo kidogo cha redio kwa sekunde mbili hayamsaidii mtu.

---

#9 redio_ya_usiku

Nimeelewa vizuri kabisa. Leo usiku naweka.

---

#10 Jembe_la_Kazi

Ofisini kwetu AGPL imepigwa marufuku. Siyo "iulizwe kwanza", imepigwa marufuku. Wakubwa wanataja Google, ambayo imeandika hadharani kwamba msimbo wa AGPL hautumiki ndani yake. Tuna mfumo wetu wa kupendekeza video na mfumo wa malipo, na hofu yao ni kwamba tukiingiza jukwaa moja la AGPL basi vyote viwili vitalazimika kufunguliwa. Naomba hoja ninazoweza kuwapelekea, za kweli, siyo za kuwapendeza.

---

#11 fundi_mkondo

Mkuu, hofu yao si ya kijinga, ila imevuka mpaka wa kile leseni inachodai.

AGPL inafuata programu iliyorekebishwa na kile kilichoungana nayo kuwa kazi moja. Mfumo wa mapendekezo unaokaa kwenye mchakato wake, unaulizwa kwa HTTP "mtazamaji namba fulani aonyeshwe nini", ukajibu orodha ya namba za video, huo ni programu nyingine. Free Software Foundation wenyewe kwenye maelezo yao ya leseni wanasema mabomba, soketi na amri za laini kwa kawaida ni mawasiliano ya programu mbili tofauti, na kwamba kushiriki kumbukumbu moja karibu kila mara kunafanya programu moja. Wanaongeza tahadhari: mkipeana miundo tata ya ndani kwa ukaribu sana, hata soketi haiwaokoi. Kwa hiyo mfumo wa malipo uwe nje, mazungumzo yawe mafupi na ya wazi. Wengi mnafanya hivyo hata bila leseni kuwalazimisha, kwa sababu hakuna anayetaka malipo yafe kwa sababu gumzo la matangazo limezidiwa.

Kinachotakiwa kufunguliwa ni yale mabadiliko ya ndani ya jukwaa lenyewe ili liweze kuuliza mfumo wenu. Yaani mistari inayosema "piga simu kwenye anwani hii". Anwani yenyewe, ufunguo, nywila, hivyo ni mipangilio, havitoki.

Wakubwa wakiuliza kuhusu Google: kampuni ile inaweka msimbo wake karibu wote kwenye ripo moja kubwa na huduma zake nyingi zinatumia maktaba zilezile. Kwao kosa dogo la kuunganisha linasambaa. Ninyi mna jukwaa moja na huduma mbili pembeni.

Na kama kweli hawataki, njia ya tatu ipo: mradi ukimilikiwa na mwenye haki mmoja, yeye anaweza kuwauzia leseni nyingine ya programu ileile. Kwa miradi yenye mamia ya wachangiaji ambao kila mmoja ana haki ya mistari yake hilo halipo, hakuna wa kusaini kwa niaba ya wote.

---

#12 Jembe_la_Kazi

Hapa umenipa kitu cha kusimamia. Mmoja wao alitaja pia MongoDB, ile programu ya hifadhidata, akasema "hao ndio walithibitisha kwamba AGPL inakula mpaka bekapu".

---

#13 Mzee_Leseni

Mwambie amechanganya leseni mbili. MongoDB ilikuwa AGPL, na Oktoba 2018 ikaiacha ikahamia SSPL, leseni iliyoiandika yenyewe. Ni SSPL ndiyo inayodai kwamba ukiifanya programu kuwa huduma, utoe na mifumo ya usimamizi, ya ufuatiliaji, ya chelezo, kila kinachotumika kutoa huduma hiyo. Open Source Initiative, taasisi inayoidhinisha leseni huria, haikuipitisha, MongoDB wakaiondoa kwenye maombi mwaka 2019, na Debian na Fedora, mifumo ya Linux, wakaikataa. AGPL haidai hayo. Kwa vifungu vyote viwili kuwa na namba 13, watu wanavichanganya mpaka leo.

Na akiona AGPL ni kichaka cha Wamarekani tu, leseni ya Umoja wa Ulaya, EUPL toleo la 1.2 la mwaka 2017, nayo inahesabu kumpa mtu uwezo wa kutumia kazi za msingi za programu kwa mtandao kuwa ni usambazaji.

---

#14 kijana_docker

Mimi nina kisa tofauti. Nimejenga ffmpeg yangu yenye libx264 na libfdk_aac (maktaba za kusimba video na sauti), ndani ya kontena moja (kifurushi cha programu kinachohamishika) na jukwaa la AGPL. Huduma inaendeshwa kwetu, na sasa mteja anataka apewe kontena akaendeshe kwake. Chanzo cha jukwaa niko tayari kumpa chote. Tatizo lipo?

---

#15 fundi_mkondo

Lipo, na halitoki AGPL. Simama kidogo kabla hujampa.

Ili ffmpeg ikubali libx264 umewasha --enable-gpl. Ili ikubali libfdk_aac pamoja na hiyo umelazimika kuwasha --enable-nonfree. Na ffmpeg yenyewe ikishajengwa hivyo inakuambia kwamba haigawiki. Kuiendesha kwenye seva yako ni sawa, kwa sababu hujampa mtu nakala na GPL ya ffmpeg haina kifungu cha mtandao. Dakika unayompa mteja kontena, umegawa kitu kisichoruhusiwa kugawiwa, na kumpa chanzo chote hakukuponyi.

Jenga upya bila libfdk_aac, tumia kisimbaji cha AAC kilichomo ndani ya ffmpeg yenyewe. Sikiliza matokeo kwenye kiwango cha chini cha biti, hapo ndipo tofauti husikika. Kwa matangazo ya kawaida ya 128 kbps wateja wangu hawajawahi kulalamika.

Na jukwaa liite ffmpeg kama mchakato wa pembeni, kama linavyofanya sasa. Usilete maktaba zake ndani ya jukwaa kwa kuunganisha.

---

#16 kijana_docker

Asante mkuu. Ungechelewa wiki moja ningekuwa nimeshaituma.

---

#17 Mzee_Leseni

Nimalize upande wangu na makali ya leseni, maana kuna waliouliza "nani atajua".

Oktoba 2021 Software Freedom Conservancy, taasisi inayotetea programu huria, ilisema hadharani kwamba Truth Social, mtandao wa kijamii wa Marekani, ulikuwa umewekwa mtandaoni kwa msimbo wa Mastodon, programu huria ya mtandao wa kijamii, ambao ni AGPL 3, bila watumiaji kupewa chanzo. Mwezi uliofuata chanzo kikawekwa. Walijulikanaje? Kurasa zilifanana, na ujumbe wa makosa ni wa Mastodon. Jukwaa la video linajulikana vivyo hivyo: umbo la anwani, majina ya vipande, majibu ya API (njia ya programu kuongea na nyingine).

Kifungu cha 8 kina huruma yake. Ukivunja, haki zako zinakatika, lakini ukiacha kuvunja zinarudi kwa muda. Na kama ni mara yako ya kwanza kupewa taarifa na mwenye haki huyo, ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu kuipata, zinarudi kwa kudumu. Kwa hiyo barua ikija, usibishane wala usiifute. Weka msimbo, jibu kwa heshima.

---

#18 dada_wa_seva

Narudi. Baada ya kusoma uzi wote nimeamua kuandika kile kitu nilichokuwa naahirisha: maandishi ya chini ya video yanayofuata mwalimu anaposimama kuuliza swali. Sasa nimekuwa mrekebishaji rasmi, kwa hiyo nadaiwa. Nataka nifanye vizuri tangu mwanzo. Kiungo nimeweka chini ya kila ukurasa, kinaenda kwenye ripo yangu. Inatosha?

---

#19 fundi_mkondo

Hongera dada. Kiungo kinachoenda kwenye ripo tu kina udhaifu mmoja: ripo inasonga mbele na seva imebaki nyuma, au kinyume chake. Mtazamaji wa leo ana haki ya toleo la leo.

Mimi nafanya hivi. Wakati wa kujenga, hati ya ujenzi inaita git rev-parse HEAD (git ni mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo), inachukua ile namba ndefu ya toleo, inaibandika kwenye kiungo cha chini ya ukurasa. Kwa hiyo kiungo kinafika kwenye msimbo uleule uliojengwa, herufi kwa herufi. Na hati inakataa kujenga kama kuna faili imebadilishwa bila kuingizwa kwenye git. Hiyo ya pili ndiyo iliyoniponya na ugonjwa wa kuandika moja kwa moja kwenye seva.

Kisha jaribu kama mgeni. Chukua mashine tupu, shusha kile kiungo kinachokupa, ujenge kwa kufuata maelezo yako mwenyewe bila kunakili chochote kutoka kwenye seva. Leseni inaposema chanzo inahesabu na hati za kujengea na kusakinishia.

---

#20 dada_wa_seva

Nimejaribu jana na leo. Jana ilikwama: ukurasa ulifunguka, video ikacheza, maandishi hayakutokea. Nimehangaika mpaka nikagundua faili ya kazi inayogawa sentensi ilikuwa kwenye folda niliyoiweka kwenye .gitignore (orodha ya vitu ambavyo git haivihifadhi) zamani, pamoja na faili za muda. Kwenye seva yangu ilikuwepo, kwenye ripo haipo. Nimeitoa kwenye .gitignore, nimeiingiza, nimejenga tena mashine tupu. Maandishi yanatokea.

Video za mafunzo, akaunti za wanafunzi na funguo za kutangazia nimeviacha nje. Niko sawa?

---

#21 fundi_mkondo

Uko sawa. Hivyo ni data na siri za huduma, programu inajengwa na kuendeshwa bila hivyo. Ila angalia kwenye historia ya git, siyo faili za sasa tu, kama kuna ufunguo wa kutangazia uliwahi kuingia kwa bahati mbaya. Ukiukuta, usihangaike kuufuta kwenye historia kwanza. Badilisha ufunguo kwenye seva, ule wa zamani ufe, ndipo usafishe.

---

#22 dada_wa_seva

Ulikuwepo mmoja, wa mwaka jana. Nimeubadilisha.